Pointi 2,857 na pointi 4: Usiwapime watoto wako kwa rula moja

Jumapili iliyopita jioni nilimpigia dada yangu simu ya video. Anaishi Edmonton, Kanada. Kwao ilikuwa asubuhi, na dirishani theluji ilionekana imejaa hadi ukutani. Hata salamu hazijaisha, wanawe wawili wakampora simu.

"Shikamoo mjomba! Hebu tuamulie, nani mchezaji bora wa hoki wa muda wote?"

Mkubwa, mwenye miaka 14, alisema ni Wayne Gretzky, hakuna mjadala. Mdogo, mwenye miaka 11, alishikilia Alex Ovechkin, kwa sababu amevunja rekodi ya mabao ya huyo Gretzky. Mimi niliyezoea ubishi wa Simba na Yanga nilibaki kucheka.

Ndipo nikasikia sauti ya dada kutoka jikoni: "Wewe badala ya kubishana ungefanya mazoezi. Mbona kaka yako anapangwa kila mechi?"

Mdogo alinyamaza, akaondoka mbele ya simu. Mkubwa naye akaishiwa maneno. Wiki nzima sura ya yule mtoto haikunitoka, nikaanza kusoma habari za hao wachezaji wanaobishaniwa. Nilichokikuta kinatuhusu sisi wazazi kuliko nilivyodhani.

Mchezo wenyewe

Huu ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Kila timu huwa na watu 6 uwanjani, kipa akiwamo, wote wamevaa viatu vya kutelezea. Badala ya mpira, wanapiga kisahani cheusi cha mpira mgumu. Anayefunga bao hupata pointi 1, na wenzake wasiozidi wawili waliompasia hupata pointi 1 kila mmoja. Kwa hiyo mchezaji hujulikana kwa mabao na kwa pasi zake pia.

Kila mtu na kipimo chake

Wanaomtaja Gretzky wanaanza na hesabu. Alipostaafu mwaka 1999 alikuwa na mabao 894 na pasi za mabao 1,963 katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL. Jumla ni pointi 2,857. Ukimfutia mabao yake yote, pasi peke yake zinamweka juu ya pointi za mchezaji mwingine yeyote. Hakuwa na mwili mkubwa wala mbio za kutisha. Silaha yake ilikuwa kujua mapema kisahani kitafika wapi. Aliipa Edmonton Kombe la Stanley mara 4, na sanamu yake imesimama nje ya uwanja wa mji huo anaoishi dada yangu.

Wanaomtaja Ovechkin, Mrusi wa Washington Capitals, wanasema mchezo ni mabao. Tarehe 6 Aprili 2025 alifunga la 895 na kumpita Gretzky.

Wanaomtaja Bobby Orr hawajali jumla. Orr alikuwa beki wa Boston Bruins, na katika kizazi chake mabeki walitakiwa kubaki nyuma. Yeye alipanda na kushambulia, akaongoza ligi nzima kwa pointi mara 2. Hakuna beki mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Magoti yalimharibikia, akapasuliwa mara kadhaa, na mwaka 1978 akastaafu akiwa na miaka 30. Mashabiki wake wanauliza: je, asingeumia?

Wanaomtaja Gordie Howe wanapima kwa miaka. Alianza Detroit mwaka 1946 akiwa na miaka 18. Msimu wake wa mwisho NHL, 1979 hadi 1980, aliumaliza akiwa na miaka 52, na katika timu aliyochezea wakati huo walikuwamo wanawe wawili, Mark na Marty. Familia yao ilikuwa maskini. Inasimuliwa kwamba mama yake alinunua gunia la vitu chakavu kwa jirani mwenye shida, ndani yake mkawa na viatu vya kutelezea. Gordie akachukua kimoja, dada yake kingine.

Wanaomtaja Mario Lemieux wanapima kwa kipaji na moyo. Mwaka 1993 aligundulika kuwa na saratani ya mitoki. Siku aliyomaliza tiba ya mionzi, alipanda ndege kwenda Philadelphia, akacheza usiku huo huo na kufunga. Aliongoza ligi kwa pointi 160 msimu huo ingawa alikosa mechi nyingi. Na wewe mama unayegombeza watoto kwa kuchafua sebule, sikia hili: alipokuwa mdogo Montreal, inasimuliwa kuwa wazazi wake walishindilia theluji juu ya zulia la sebuleni ili yeye na kaka zake wafanye mazoezi giza likiingia.

Gretzky mwenyewe akiulizwa, kwa miaka mingi amekuwa akimtaja Howe, shujaa wake wa utotoni. Mwenye rekodi hajitaji yeye.

Baba mmoja, uwanja mmoja

Kilichonigusa zaidi ni habari za nyumbani kwa akina Gretzky, mji wa Brantford. Baba yao, Walter, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu. Kila majira ya baridi alimwagilia maji ua wa nyuma ya nyumba hadi yakaganda, ukawa uwanja. Hapo ndipo Wayne alipojifunzia, akizungusha kisahani katikati ya makopo yaliyopangwa na baba yake.

Lakini Wayne hakuwa mtoto pekee. Mdogo wake wa mwisho, Brent, aliyezaliwa mwaka 1972, naye alifika NHL. Alicheza mechi 13. Alifunga bao 1 na kutoa pasi 3. Pointi 4.

Baba ni yule yule, mama ni yule yule, na jina mgongoni ni lile lile. Mmoja ana pointi 2,857, mwingine 4. Wakijumlishwa wana 2,861, na hakuna ndugu wawili waliowahi kupata nyingi zaidi katika ligi hiyo. Ukimpima Brent kwa rula ya kaka yake, ameshindwa. Ukimpima kwa ile ya maelfu ya vijana wa Kanada wanaoota kucheza hata mechi moja ya NHL na wasiipate, amefanikiwa sana. Kijana ni huyo huyo, kilichobadilika ni rula.

Nyumbani kwetu je?

Watu wazima wenye ujuzi wameshindwa kukubaliana juu ya Gretzky, Orr, Howe na Lemieux kwa sababu kila mmoja alikuwa bora kwa namna yake. Lakini sisi tunamaliza kesi ya watoto wetu kwa sentensi moja: "Mbona mwenzako anaweza?" Tunadhani tunamtia hasira ya maendeleo. Mara nyingi mdogo anasikia kwamba hatoshi, na mkubwa anasikia kwamba anapendwa kwa sababu ya ushindi, kwa hiyo anaogopa kushindwa.

Ukitaka kumpima mtoto, mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Ukimsifu mmoja, usimtaje mwingine katika sentensi hiyo. Na wakibishana kuhusu nani bora, iwe ni hoki au kandanda, usiwanyamazishe. Muulize kila mmoja: "Kwa nini unamchagua huyo?" Mtoto anayetafuta sababu anajifunza kufikiri, na wewe unajifunza anachokithamini.

Jumatano nilimpigia dada tena, nikamsimulia habari za Brent. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kaka, sikujua kama nilimuumiza."

Usiku ule alikwenda chumbani kwa mdogo na kumuuliza swali hilo: kwa nini Ovechkin? Mtoto alimweleza kwamba Ovechkin anavaa jezi namba 8 kwa sababu ndiyo aliyovaa mama yake, Tatyana, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu na kushinda dhahabu ya Olimpiki mara 2 akiwa na timu ya Kisovieti, mwaka 1976 na 1980.

"Kwa hiyo hukumchagua kwa ajili ya mabao?" dada akauliza.

"Mabao pia," mtoto akajibu. "Lakini zaidi ni ile namba."