Changu Mdogo Sokoni: Nafuu au Hasara?

Mama anunuaye fungu la changu wadogo hudhani amepata nafuu. Hesabu yasema vingine. Samaki akirefuka mara mbili, kutoka sentimita 15 hadi 30, uzito wake hufika karibu mara 8, kwa kuwa hupanuka na kunenepa pia. Kweli, si wote wangefika huko. Wengine wangeliwa na samaki wenzao. Lakini changu wa sentimita 15 mara nyingi hajataga hata mara moja.

Umri wake hujulikanaje? Ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe vya sikio vikuavyo tabaka juu ya tabaka. Katika bahari za baridi kila mwaka huacha duara lake, kama katika gogo la mti. Bahari yetu ya joto huacha maduara hafifu. Lakini mwaka 1971 mtaalamu Giorgio Pannella alionyesha kwamba vijiwe hivyo huwa na alama za kila siku pia. Kuzihesabu kwa hadubini, ndugu msomaji, si kazi ya mtu mwenye haraka!

Ndiyo maana mara nyingi wapimaji hutumia rula. Hukaa dikoni wakipima urefu wa mamia ya samaki, mwezi hata mwezi. Kundi la wadogo walioonekana Januari huonekana limerefuka ifikapo Aprili, na hapo mwendo wa kukua hujulikana. Kisha hutazamwa wakubwa. Wakipungua upesi kuliko ambavyo vifo vya kawaida vingewapunguza, tofauti hiyo ni kazi ya uvuvi.

Juya la kukokota lenye macho madogo huzoa wote bila kuchagua. Baruti ni balaa zaidi, kwani huvunja matumbawe ambamo samaki hujificha na kujipatia chakula.

Hata hivyo, mvuvi mwenye watoto wanaongoja chakula hawezi kuambiwa asubiri tu hadi samaki wakue. Hapana budi apewe njia ya kuvua leo. Katika pwani ya Kenya, watafiti na wavuvi wamejaribu jambo lisilo na gharama kubwa: kuacha mwanya mwembamba pembeni mwa dema. Tasi na changu wadogo hupenya wakatoka. Wakubwa hubaki ndani, na mvuvi hurudi na kitoweo.