Mtoto Anapoziba Masikio

Ngoma za kwaya zinapoanza, mtoto mmoja huziba masikio na kulia. Wengine hunong'ona, "Hana adabu." Mama yake hutoka nje kwa aibu, na Jumapili ifuatayo haji.

Akina mama wenzetu, tusiharakishe kulaumu. Huenda sauti ile inamwumiza kweli. Tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeweka kuhisi sauti au mguso kupita kiasi miongoni mwa dalili za usonji. Lakini dalili hiyo peke yake haithibitishi usonji. Apelekwe kliniki, masikio nayo yapimwe.

Mtoto huyu naye anapenda hadithi. Tumsimulie mahali patulivu, kwa sauti ya chini. Tuchukue hadithi fupi ya mvua. "Upepo ukavuma": mpepee kwa ungo. "Mvua ikanyesha": mdondoshee matone mkononi. "Majani yakanukia": msogezee mchaichai. Sentensi moja, kitu kimoja. Kesho rudia vilevile, kwani akijua kinachofuata hofu hupungua.

Usimvute mkono, ngoja aunyoshe mwenyewe. Akigeuza uso, pumzika. Sisi wauguzi tunaonya pia: maharage na shanga viwekwe mbali, maana huingia puani na kooni.

Na kanisani, tumwachie mama yule nafasi karibu na mlango, mbali na vipaza sauti. Siku mwanawe atakaponyosha mkono ili mvua inyeshe tena, atajua kwamba hadithi imemfikia.