Ua Zuri, Lakini Halinukii

Mama aliponiuliza, "Mrehani wangu uko wapi?" sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimeung'oa asubuhi ile kwa mkono wangu mwenyewe, nipate nafasi ya kupanda maua ya asta.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, na bustani yenyewe ni kijisehemu cha uwanja wa nyuma, hatua nane kwa sita. Ukutani pana mwasumini. Mbele yake palikuwa na mrehani ambao mama huvuna mbegu zake na kuupanda upya tangu alipoolewa. Mbegu za kwanza alipewa na mamake. Mimi, kwa ujinga wangu, niliona ni majani tu.

Asta nilizipendea picha iliyokuwa juu ya pakiti. Asili ya ua hili ni China na Korea, na jina lake latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nyota. Kweli lafanana na nyota: petali nyembamba zilizotawanyika kila upande, nyeupe, zambarau na waridi.

Basi nikazimwaga mbegu mwezi wa Machi, jua la kaskazi likiwaka. Kosa hilo. Asta hupenda kuota katika joto la nyuzi 18 hadi 21 hivi, na kwetu mwezi ule mchana hupita 30. Tena nikazinywesha maji ya kisima chetu, ambayo mtaa mzima wajua kuwa yana chumvi. Chache zilizochipuka zikaoza shingoni, zikalala. Pahali pa mrehani pakabaki mchanga mtupu, na mama akawa apita hapo kimya. Afadhali angenigombeza.

Bahati nilikuwa nimebakisha nusu ya pakiti. Mbegu hizi hazikai sana. Mwaka mmoja, pengine miwili, nazo huwa zimekufa. Mwezi wa Juni, kusi imeshika, nikakata debe, nikalitoboa chini, nikatia udongo uliochungwa na samadi kuukuu ya mbuzi. Mbegu nikazifunika kwa udongo mwembamba mno, kiasi cha unene wa sarafu mbili, nikaliweka debe kivulini na kunyunyiza maji ya mvua niliyoyakinga. Siku ya kumi hivi zikachomoza. Zilipofikia majani manne nikazihamishia upande wa pili wa uwanja, shibiri moja baina ya mche na mche. Pale pa kwanza sikuparudia, kwani asta ina ugonjwa wa kunyauka ambao hukaa udongoni miaka.

Mwisho wa Septemba zikachanua. Mashina yalikuwa mafupi, maana mmea huu hurefuka kule ambako mchana wa kiangazi ni mrefu, na wetu ni saa 12 mwaka mzima. Lakini maua! Majirani walikuja kutazama. Nikamwita mama. Akainama, akanusa, akanusa tena.

"Ni zuri, mwanangu. Lakini halinukii."

Hapo nikafahamu nilichokitenda. Kwetu ua huulizwa na pua kwanza: asumini za nywele, kikuba cha kifuani, rehani na mkadi wa harusi. Ua la macho matupu ni la kuonyesha wageni.

Ijumaa iliyofuata nilipanda basi hadi Malindi kwa dada yangu, ambaye mama alimpa mbegu za mrehani alipoolewa. Nikarudi na fundo katika pembe ya kanga. Mama alizipanda mwenyewe, pale pale pa zamani, na juma halikuisha zilikuwa zimeota.

Asta huchanua mara moja zikafa. Zilipokauka nikakusanya mbegu. Mama akanyoosha mkono, akazifunga katika pembe ya pili ya kanga ile ile.

Nitazipanda Juni, Inshallah, na safari hii mikebeni.