Kuunganisha Shahada ya Kwanza na ya Uzamili katika Fasihi ya Kiingereza: Mazingatio kutoka Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna masomo ya shahada ya kwanza na ya uzamili katika fasihi ya Kiingereza yanavyoweza kuunganishwa katika mazingira ya Tanzania, hususani kwa mwanafunzi anayeishi na kufanya kazi katika wilaya za Kinondoni na Temeke jijini Dar es Salaam. Makala yanatofautisha maana tatu za kuunganisha, yanapitia usuli wa mfumo wa hatua mbili uliopo, kisha yanapima faida na hasara zake. Hoja kuu ni kwamba kinachofaa kuunganishwa ni swali la utafiti na malezi ya msomaji, wala si kalenda. Na kwamba mpango wowote usiomhakikishia mwanafunzi shahada ya kwanza iliyokamilika unamtwisha hatari asiyoweza kuibeba.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayemaliza mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza katika fasihi huwa na maswali mawili mkononi. La kwanza ni la kitaaluma: ameanza kuiona kazi fulani ya fasihi kwa jicho lake mwenyewe, na anatamani kuendelea nayo. La pili ni la maisha: ataishi wapi, atakula nini, na nani atalipa ada. Katika majadiliano kuhusu kuunganisha shahada ya kwanza na ya uzamili, swali la pili ndilo husikika zaidi. Husemwa kwamba mwanafunzi akiunganisha ataokoa muda na fedha. Makala haya yanalikubali dai hilo kwa kiasi, lakini yanahoji ni muda gani hasa unaookolewa, na ulikuwa na kazi gani kabla haujaokolewa.

Mwandishi wa makala haya alisoma shahada ya kwanza ya ualimu akiwa na fasihi ya Kiingereza na Kiswahili, akafundisha sekondari wilayani Temeke kwa miaka sita, ndipo akarejea katika uzamili. Uzoefu huo hautumiki hapa kama ushahidi wa jumla. Unatajwa ili msomaji ajue mahali ambapo hoja inasimama.

2.0 Maana Tatu za Kuunganisha

Dhana ya kuunganisha hutumika kwa maana zisizofanana, na kuzichanganya huleta mabishano yasiyo na tija.

Maana ya kwanza ni ya jina. Katika vyuo vikuu vikongwe vya Uskochi, tuzo inayoitwa M.A. katika fani za sanaa ni shahada ya kwanza. Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa M.A. ya Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, na hiyo ndiyo iliyokuwa shahada yake ya kwanza. Oxford na Cambridge nazo huwapa wahitimu wao wa B.A. hadhi ya M.A. baada ya miaka kadhaa, bila masomo wala mtihani wa ziada. Hapa hakuna hatua mbili zilizounganishwa. Kilichopo ni jina la hatua moja, au heshima ya kukaa muda mrefu. Mtahini anayelinganisha vyeti hana budi kulitambua hilo kabla ya kusema kwamba kwingineko watu hupata uzamili kwa njia ya mkato.

Maana ya pili ni ya hesabu. Katika baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani, mwanafunzi bora huruhusiwa kusoma kozi chache za uzamili akiwa bado katika shahada ya kwanza, na kozi hizo zikahesabiwa katika tuzo zote mbili. Kwa utaratibu huo, shahada ya kwanza ya miaka minne na ile ya uzamili hukamilika kwa miaka mitano.

Maana ya tatu ni ya mfululizo. Mwanafunzi hupita kutoka hatua moja hadi nyingine bila kukatiza, lakini kila tuzo hubaki na masomo yake. Mageuzi ya Ulaya yaliyoanza kwa Azimio la Bologna la mwaka 1999 yaliimarisha mpangilio wa namna hii, ambapo miaka mitatu ya kwanza hufuatwa mara nyingi na miwili ya uzamili.

3.0 Usuli wa Mfumo wa Hatua Mbili

Mfumo wa Tanzania una asili yake London. Makerere ilianza uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, nacho kilikuwa chini ya ulezi wa London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilichorithiwa ni shahada ya kwanza ya miaka mitatu, iliyojengwa juu ya miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita. Uzamili ulikuwa safari nyingine, na mara nyingi safari ya ng'ambo.

Mtaala wenyewe ulihojiwa mapema. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka jijini Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Mjadala huo ulibadili kilichosomwa katika vyuo vya Afrika Mashariki. Haukubadili kwa kiwango hichohicho ngazi za kusomea. Orodha ya vitabu ilipanuka kutoka Shakespeare hadi Achebe na p'Bitek, lakini miaka ya kuvisoma ilibaki ileile.

4.0 Hesabu ya Krediti na Maana Yake

Katika mfumo wa tuzo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya kwanza iko ngazi ya 8 na huhitaji krediti zisizopungua 360, ilhali uzamili uko ngazi ya 9 na huhitaji krediti zisizopungua 180. Krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, zikiwamo za mhadhara, semina, usomaji binafsi na mitihani. Kwa hiyo hatua zote mbili zinadai krediti 540, yaani saa 5,400.

Tuchukulie kwamba chuo kinaruhusu krediti 30 kuhesabiwa katika tuzo zote mbili. Saa 300 zitakuwa zimeondolewa. Tukadirie kwamba msomaji makini husoma kurasa 20 kwa saa: riwaya ya kurasa 300 itamchukua saa 15, na kuisoma mara mbili, kama uhakiki unavyodai, saa 30. Saa zilizookolewa ni sawa na riwaya kumi zisizosomwa. Katika baadhi ya fani hasara hiyo hufidiwa na maabara au mafunzo ya kazini. Katika fasihi hakuna kinachofidia kitabu ambacho hakikusomwa.

Hoja hii ina uzito wa pekee nchini. Mwanafunzi wengi wa Dar es Salaam amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuanza kutumia Kiingereza kama lugha ya kufundishiwa akiwa kidato cha kwanza. Akichukua mchepuo wa HKL au HGL, hukutana na uhakiki wa fasihi ya Kiingereza kwa kina katika miaka miwili tu kabla ya chuo. Anapofika mwaka wa pili wa shahada ndipo usomaji wake unapoanza kupata kasi. Kumpunguzia saa wakati huo ni kumvunia mpunga ambao haujakomaa.

5.0 Mwanafunzi wa Kinondoni na Temeke

Pamoja na hayo, itakuwa kosa kudhani kwamba mapengo kati ya shahada hayana gharama. Mazingira ya wilaya hizi mbili yanalionyesha jambo hili waziwazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, kina makao yake makuu Kinondoni, na kimejengwa juu ya dhana kwamba mtu anaweza kusoma bila kuacha kazi. Chang'ombe, wilayani Temeke, kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE), kilichoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya kuandaa walimu. Mhitimu wa taasisi kama hizi mara nyingi huishia darasani, Mbagala au Tandale, akiwa na vipindi vingi, rundo la madaftari ya kusahihisha na saa mbili za daladala kwenda na kurudi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, huelekeza sehemu kubwa ya mikopo yake kwa shahada ya kwanza. Mwanafunzi anayeendelea moja kwa moja huingia uzamili bila mshahara na mara nyingi bila mkopo. Anayesubiri ajira hupata mshahara, lakini huhitaji ruhusa ya mwajiri, na polepole huachana na maktaba. Mwandishi wa makala haya aliporejea masomoni, swali alilokuwa ameliandika mwaka wa tatu lilikuwa bado ndani ya daftari lake. Kilichopotea ni mazoea ya kulifikiri. Alitumia muhula mzima kujifunza upya namna ya kusoma kama mhakiki badala ya kusoma kama mwalimu anayetafuta maswali ya mtihani.

Historia ya fasihi yetu haitoi jibu moja. Ngũgĩ, baada ya kuhitimu Makerere, alikwenda Leeds mwaka 1964 kufanya utafiti kuhusu fasihi ya Karibi. Aliondoka bila kukamilisha tasnifu, lakini alikuwa ameandika A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka 1967. Euphrase Kezilahabi alihitimu shahada ya kwanza Dar es Salaam mwaka 1970 na ya uzamili mwaka 1976, akimtafiti Shaaban Robert. Kati ya miaka hiyo alichapisha Rosa Mistika, Kichwamaji, Kichomi na Dunia Uwanja wa Fujo. Aliyeendelea upesi hakupata shahada. Aliyepata shahada zake mbili kwa tofauti ya miaka sita alikuwa amechapisha vitabu vinne. Mifano hii ya watu wa kipekee haitoi kanuni, ila inatahadharisha: urefu wa pengo hauamui chochote peke yake. Kinachoamua ni kama kazi ya akili iliendelea ndani yake.

6.0 Kinachofaa Kuunganishwa

Kutokana na mjadala huu, makala yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, tasnifu fupi ya mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ichukuliwe kama mwanzo wa utafiti wa uzamili. Mwanafunzi ahitimu akiwa na swali lililofafanuliwa, mapitio mafupi ya maandiko na orodha ya matini za kusoma. Anayeendelea ataanza pale alipoishia. Anayekwenda kufundisha atakuwa na kitu cha kurudia. Kazi ya uzamili, hata hivyo, lazima ivuke ile ya awali kwa nadharia na kwa data, nayo isihesabiwe mara mbili.

Pili, uchaguzi wa mada utumie lugha mbili za mwanafunzi kama mtaji. Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na The Merchant of Venice mwaka 1969. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kulinganisha sura moja ya matini hizo, na katika uzamili akaipanua kuwa uchunguzi kamili wa sauti ya msimulizi au wa istilahi za biashara ya misafara. Huo ni mwendelezo wa kweli.

Tatu, shahada ya kwanza itunukiwe kwa ukamilifu wake mwishoni mwa mwaka wa tatu. Mpango unaoahidi tuzo zote mbili mwishoni mwa miaka mitano humwacha mikono mitupu anayelazimika kukatiza katika mwaka wa nne kwa ugonjwa, msiba au kukosa ada. Mtoto wa mfanyabiashara ndogondogo wa Tandika hawezi kuwekewa masharti hayo.

Nne, mhitimu aliyeajiriwa aendelee kuwa na haki ya kutumia maktaba na kuhudhuria semina za idara. Gharama yake kwa chuo ni ndogo, na ndiyo inayozuia pengo lisigeuke kuwa kuta.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kuunganisha kwa jina hakuongezi maarifa, na kuunganisha kwa hesabu huondoa saa za kusoma ambazo mwanafunzi wetu anazihitaji kuliko wengi. Kuunganisha kwa mfululizo kuna manufaa pale tu ambapo ada na riziki vimepatiwa ufumbuzi. Kwa mwanafunzi wa Kinondoni na Temeke, ambaye aghalabu ni mwalimu au atakuwa mwalimu, muunganisho unaofaa ni ule unaolinda swali lake lisife kati ya cheti kimoja na kingine. Utafiti zaidi unahitajika kufuatilia wahitimu wenyewe, ili ijulikane ni wangapi waliorudi, baada ya muda gani, na wakiwa na swali lipi.