Mombasa Siku Tatu na Watoto: Panga Safari na Pesa Ukiwa Emali, Kibwezi au Kitui

Maembe yameuzwa, ndengu imetoka shambani, shule zimefungwa, na watoto wameanza wimbo ule ule: twende tuone bahari! Je, inawezekana bila kurudi nyumbani na madeni? Inawezekana kabisa, mradi upunguze mambo. Watoto wadogo hawahitaji wiki nzima. Siku mbili au tatu zinatosha, na kila siku jambo moja kubwa tu.

Tuanze na nauli. Makueni ina stesheni za SGR huko Emali, Kibwezi na Mtito Andei, kwa hivyo hakuna haja ya kupanda hadi Nairobi kwanza. Ila chunga: panda ile treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, maana ile ya moja kwa moja itakupita hapo ukiipungia mkono. Watu wa Kitui nao wana barabara ya lami inayoteremka kupitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi. Bonyeza *639#, chagua kituo chako, lipa kwa simu. Nunua tiketi ya kwenda na ya kurudi siku hiyo hiyo. Desemba na Pasaka nafasi hujaa haraka, na kukwama Mombasa na watoto huku pesa zimeisha si mchezo. Na mkipita Tsavo, mwachie mtoto kiti cha dirishani. Akibahatika ataona ndovu, na hiyo ni safari tosha.

Treni inaishia Miritini, nje kidogo ya mji. Weka kando pesa ya matatu au tuktuk ya kuwafikisha mnapolala, na muelewane bei kabla ya kupanda.

Sasa tufike kwa malazi, kwa sababu hapa ndipo pesa za mwaka mzima hupotea kwa dakika moja. Unaona nyumba safi mtandaoni, karibu na bahari, bei poa. Unapiga simu. Mwenyewe anakwambia kuna mteja mwingine anaitaka, tuma nusu sasa hivi ushikiliwe chumba. Haraka hiyo ndiyo ikushtue. Mwombe akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, akuonyeshe jikoni, choo, na barabara iliyo nje. Mwenye nyumba ya kweli hatakasirika. Ukianza kulipa kwa till au paybill, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama mmekubaliana kuhusu hoteli fulani na jina linalokuja ni la mtu usiyemjua, simamisha hapo hapo, uliza kwanza. Ukishalipa, usifute ile meseji. Ikitokea umetuma kwa namba isiyo yenyewe, omba pesa zirudishwe papo hapo, usingoje jioni, kwa sababu zikishatolewa kwa ejenti kuzipata ni kazi.

Kuhusu bahari yenyewe, uliza wenyeji maji yanajaa saa ngapi. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa hizo husogea mbele kila kukicha, kwa hivyo saa ya jana si ya leo. Maji yakipwa, watoto hutembea kwenye vidimbwi wakitafuta kaa, lakini wavae viatu, kuna miiba ya urchini. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi wanauita Pirates, hauna kiingilio. Tairi za kuogelea, ngamia, mpiga picha: kila kimoja kina bei yake, na bei husemwa kwanza. Lipa wewe mwenyewe. Usimpe mtu simu yako "akusaidie kutuma". Na andika namba yako kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto. Ufuo ukijaa Jumapili, utashukuru.

Siku ya pili nendeni Haller Park, Bamburi, mahali palipokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Hapo ndipo Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alimfuata kobe mzee aitwaye Mzee kama mama yake. Wasimulie watoto hadithi hiyo kwa treni, watafika wakiwa na hamu. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ni nzuri kwa mtoto anayesoma. Wa miaka mitatu atachoka mapema, mpe saa moja tu. Yeye mpeleke Likoni: feri ni bure kwa wanaotembea kwa miguu, na atataka kurudia.

Ujanja wa mwisho wa pesa: kabla hujaondoka, weka bajeti ya kila siku kwenye pochi ya simu na nyingine yote uifunge kwenye akiba. Kulipa kwa till hakukukati ada, kutoa kwa ejenti kunakukata, kwa hivyo toa mara moja tu, kiasi cha matatu na mahamri. Kitakachobaki siku ya mwisho kinatosha madafu Mama Ngina Waterfront, na pakiti ya krisps za mihogo ya kumpelekea susu kule Mutomo.