Shingo, Macho na Kiwambo cha Kompyuta

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Uzito huo hausikiki maadamu kichwa kimesimama wima juu ya shingo. Hata hivyo, karani au mwanafunzi aketiye mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi alasiri mara nyingi huinuka shingo imekakamaa, mabega yanauma na macho yanawasha, naye hudhani kwamba huo ni uchovu wa kawaida wa kazi. Yafaa kwanza achunguze mahali alipokiweka kiwambo, yaani kile kioo kinachoonyesha maandishi.

Kichwa hufanya kazi kama nyenzo. Egemeo lake ni kiungo kilichopo baina ya fuvu na pingili ya kwanza ya shingo. Kitovu cha uzito wa kichwa kiko mbele kidogo ya egemeo hilo, na misuli ya kisogo huvuta kwa nyuma ili kidevu kisiangukie kifuani. Kichwa kinapoinama, kitovu cha uzito husogea mbele zaidi, na misuli hulazimika kuongeza nguvu. Mwaka 2014 daktari mpasuaji wa Marekani, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu ya mzigo huo. Alipata kwamba shingo iliyoinama kwa nyuzi 30 huelemewa na kilo 18 hivi, na kwa nyuzi 60 kilo 27. Tarakimu hizo ni za hesabu, si vipimo vilivyochukuliwa kwa watu. Lakini zaonyesha jinsi mzigo unavyoongezeka.

Mwanamke aliyejitwika debe la maji la lita 20 huenda shingo ikiwa imenyooka, nao uzito hushuka wima juu ya pingili zake. Mzigo huo hauna budi kumchosha, ila afikapo nyumbani huutua. Aliyeinamia kompyuta hautui mzigo wake kwa saa nyingi. Msuli uliokazwa muda mrefu bila kulegezwa hubana mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake, ukaishia kuchoka na kuuma.

Basi kiwambo kiwekwe wapi? Kwanza ni kimo. Ukingo wake wa juu ulingane na macho, au uwe chini yake kidogo, ili katikati ya kiwambo pawe chini ya usawa wa macho kwa nyuzi 15 hadi 20. Kikiwa juu mno, kichwa hurudi nyuma, na macho yaliyofunguka sana hukauka upesi. Pili ni umbali: sentimita 50 hadi 100, yaani takriban urefu wa mkono ulionyoshwa. Herufi zisiposomeka, na zikuzwe herufi, isivutwe shingo. Tatu ni mwelekeo. Kiwambo kimkabili msomaji moja kwa moja, na dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele yake wala nyuma yake, ili mng'ao usimsumbue. Mwenye miwani ambayo sehemu yake ya chini ni ya kusomea akishushe kiwambo zaidi, la sivyo atainua kidevu mchana kutwa.

Kompyuta ya mpakato huleta tatizo la pekee, kwa kuwa kiwambo na kibodi chake havitengani. Ikiwekwa mahali panapofaa mikono, shingo huinama. Ikiinuliwa kuyafaa macho, mabega hupanda. Haiwezekani kuviridhisha viungo vyote viwili kwa pamoja. Dawa yake ni kuipandisha kompyuta juu ya kitalu cha mbao au vitabu vinene, bila kuziba matundu yake ya hewa, kisha kutumia kibodi na kipanya vya kuchomeka, viwiko vikiwa karibu na mbavu na vimekunjwa kwa nyuzi 90 hivi. Asiyekuwa na vifaa hivyo na afanye kazi kwa vipindi vifupi.

Mtaalamu wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, ndiye aliyelitunga neno egonomia mwaka 1857, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kazi na kanuni. Shabaha ya elimu hiyo ni kuilinganisha kazi na mwili, badala ya kuulazimisha mwili uifuate kazi. Lakini hata mkao ulio bora hudhuru usipobadilishwa. Kila baada ya dakika 20 macho na yatazame kitu kilicho mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Na mara kwa mara mtu asimame, atembee na kunyosha mabega. Maumivu yanayoteremka mkononi pamoja na ganzi au udhaifu wa vidole hayatibiwi kwa kuhamisha kiwambo. Mwenye dalili hizo amwone daktari bila kukawia.