"Rudi Kesho" Si Jibu: Sheria Inavyosaidia Kuomba Haki za Mwenye Ulemavu



Tunapotembelea vikundi vya kujisaidia hapa Uriri, kuna swali moja ambalo halikosi. Mama mmoja hungoja wenzake wamalize habari za kuku na michango ya zamu, kisha huinua mkono kule nyuma: "Na huyu mtoto wangu asiyetembea, serikali haina kitu chake?"

Kiko. Lakini kati ya mtoto na hicho kitu kuna karatasi nyingi, safari nyingi, na "rudi kesho" nyingi. Leo tunaeleza njia yenyewe, na mahali ambapo sheria inaweza kumshika mzazi mkono.

Nyanya na mjukuu wake

Nyanya mmoja wa upande wa Kanyamkago analea mjukuu wa miaka 11 mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto hawezi kukaa bila kushikiliwa. Mama yake alishafariki. Nyanya alienda ofisi moja mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa orodha imejaa. Mara ya pili, cheti cha kuzaliwa hakipo. Mara ya tatu, mwenye mafaili yuko mkutanoni. Mara ya nne akaambiwa ati mtoto "hakupita". Kila safari ni nauli ya bodaboda, ni siku ya palizi imepotea, na ni mtoto kuachwa kwa jirani.

Alipotufikia tulimwuliza, "Nyanya, walikuandikia nini?" Akajibu, "Wanangu, hakuna kitu. Waliniambia kwa mdomo tu."

Hapo ndipo shida ilipo. Neno la mdomo huwezi kulikatia rufaa. Hujui ni nani aliamua, aliamua lini, wala kwa sababu gani.

Kuna msaada gani?

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Tuyatenganishe.

La kwanza ni kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Baraza hili liliundwa kwa sheria ya 2003, na linaendelea na kazi chini ya sheria mpya ya 2025. Kadi si pesa. Ni ushahidi kwamba umeandikishwa, na inakufungulia mlango wa kuomba vitu vingine: kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe, msaada wa karo, au ruzuku ya kikundi cha watu wenye ulemavu.

La pili ni pesa za Inua Jamii kwa watu wenye ulemavu mkali. Mpango huo ulianza 2011, na malipo yake ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Umekusudiwa kaya maskini zenye mtu anayehitaji kuangaliwa na mwingine usiku na mchana. Huandikishi wakati wowote unaotaka; serikali huandikisha kwa awamu. Kwa hiyo karatasi ziwe tayari kabla ya tangazo kusomwa barazani. Anayeanza kutafuta cheti siku ya tangazo ameshachelewa.

Njia yenyewe

1. Pata cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au kitambulisho kama ni mtu mzima. Kama mtoto alizaliwa nyumbani na hakuandikishwa, anza na naibu wa chifu.

2. Mpeleke afanyiwe tathmini ya ulemavu katika hospitali ya serikali iliyoruhusiwa kufanya kazi hiyo. Uliza kwanza siku ya tathmini, maana si kila siku madaktari wa kazi hiyo wanaketi.

3. Ukishapata ripoti, andikisha kwa Baraza, kupitia ofisi yake ya kaunti au kwa mtandao wa eCitizen. Kijana wa kikundi anayejua simu anaweza kusaidia.

4. Peleka ombi la Inua Jamii kwa afisa wa serikali wa maendeleo ya jamii wakati wa awamu ya uandikishaji. Jina na kitambulisho cha mlezi viwe vya mtu anayemlea kweli. Mlezi akifariki au akihama, nenda ukabadilishe mara moja.

Kujiandikisha hakulipishwi. Mtu akikudai "kitu kidogo" ili jina lipite, huyo ni dalali. Na nambari ya siri ya simu usimpe mtu yeyote, hata akisema ametumwa.

Sema ukweli wote

Hapa sisi wenyewe tulikosea, na tunakiri. Tulipomsindikiza yule nyanya kwenye tathmini, aliulizwa, "Mtoto anakula?" Kwa adabu ya wazee akajibu, "Anakula vizuri, asante." Sisi tukanyamaza. Ikaandikwa hivyo. Kumbe mtoto hulishwa uji kwa kijiko karibu saa nzima, kichwa kikiwa kimeshikwa ili asipaliwe. Ilibidi tuombe tathmini irudiwe, na miezi ikaenda kwa sababu ya neno moja la heshima.

Kwetu mtu akiulizwa habari husema "nzuri" hata kama nyumba inavuja. Mbele ya daktari usifanye hivyo. Si kulalamika, wala si kumwaibisha mtoto. Kabla ya kwenda, kaeni na mlezi mwandike siku moja ya mtoto tangu alfajiri: nani humwinua, nani humwosha, huamka mara ngapi usiku, huanguka kifafa mara ngapi kwa wiki. Karatasi hiyo ipelekwe pamoja na vyeti.

Sheria inasema nini?

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema serikali itatoa hifadhi ya jamii inayofaa kwa watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 54 kinataja haki za watu wenye ulemavu, kwanza ikiwa kutendewa kwa utu na heshima. Kwa hiyo anayeomba hajaja kuomba sadaka.

Kifungu cha 47 ndicho tunataka kila kikundi kikijue. Kinasema mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Pia kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016: ofisi ya umma ikiombwa habari inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Barua haihitaji wakili. Iwe hivi:

"Mimi, mlezi wa mtoto fulani, niliomba msaada wa Inua Jamii mwezi fulani. Naomba kujulishwa kwa maandishi ombi limefika wapi, na kama limekataliwa, sababu ni nini."

Weka tarehe, tia sahihi au kidole gumba, na peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini. Nyingine igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Ile yenye muhuri ndiyo silaha yako.

Nyanya wetu alifanya hivyo. Jibu likaja: ombi lilikuwa bado na kitambulisho cha marehemu mama wa mtoto. Basi! Jambo la kurekebishwa kwa cheti cha kifo na barua ya chifu, na safari nne zote hakuna aliyemwambia. Sasa jina la mlezi limebadilishwa. Mpaka tunapoandika, pesa hazijaanza kuingia, lakini nyanya haulizi tena, "Nije lini?" Anauliza, "Barua yangu yenye muhuri wenu imefika wapi?"

Nani atatusaidia bila malipo?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa watu wasio na uwezo. Msaada huo si wa kesi za mahakamani peke yake. Ni pamoja na ushauri, kuandika hati, na kusuluhisha bila kesi. Ina ofisi Kisumu. Sheria hiyo pia inawatambua wasaidizi wa kisheria, yaani watu waliofundishwa sheria za kila siku ingawa si mawakili. Ulizeni kamati ya Haki na Amani ya parokia kama wako karibu nanyi.

Ofisi ikikaa kimya au ikikuzungusha, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Ikiwa mtu amebaguliwa kwa sababu ya ulemavu wake, kuna Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Zote mbili zina ofisi Kisumu, na kulalamika hakulipishwi.

Mahakama ni mlango wa mwisho. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, na hakuna ada ya kufungua kesi ya haki za msingi. Lakini msikimbilie huko mikono mitupu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya mzee mgonjwa aliyedai haki zake chini ya Kifungu cha 43. Mahakama ilikubali kwamba haki hizo zinaifunga serikali, lakini kesi ilianguka kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Mnaona? Hata mbele ya jaji, tunarudi kwenye karatasi.

Kazi ya kikundi

Mlezi wa mtoto kama huyu hawezi kuzunguka ofisini peke yake. Kikundi kinaweza kufanya mambo matatu madogo: mmoja abaki na mtoto siku ya safari, mmoja anayejua kuandika aandamane na mlezi, na mweka hazina afungue bahasha ya kila familia yenye nakala za vyeti vyote na tarehe za safari. Hizo hazihitaji mfadhili.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu kuna watoto au wazee wangapi wenye ulemavu ambao hatuwaoni hadharani? Kwa nini?

2. Ni nani kati yao hana cheti cha kuzaliwa au kitambulisho? Tutaanza na nani wiki hii?

3. Ni nani amejibiwa kwa mdomo tu? Tukae naye leo, kabla ya mkutano kufungwa, tuandike barua yake.